Land Cruiser pikapu ya 1996 inauzwa hapa Kigoma, njoo asubuhi uione injini ikiwa imepoa

Habari za kazi wateja wetu wa Mwanga, Ujiji, Kasulu na kote mnakotupigia simu. Ile Land Cruiser pikapu nyeupe iliyokuwa imepaki nyuma ya gereji sasa inauzwa, na kabla hujauliza bei tunaomba usome mpaka mwisho, maana gari ya umri huu ukiinunua kwa kuangalia rangi utaumia.

Modeli yake ni HZJ75 (mafundi wanaiita 75 tu), kebini moja, gia tano za mkono, injini ni 1HZ dizeli ya silinda sita, cc 4164, haina tabo wala kompyuta. Toyota waliitoa hii 75 yenye 1HZ kuanzia 1990 mpaka 1999, baada ya hapo ikaja 79 yenye koili mbele, hii ya kwetu bado ina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, inarusha kidogo ikiwa tupu lakini ukiipakia mawese au chumvi ya Uvinza inatulia kabisa. Mafuta inakula, tuseme ukweli, kilomita saba mpaka nane kwa lita moja na ikiwa na mzigo kwenye tope inashuka zaidi. Watu bado wanaitafuta kwa sababu ikizima porini huko njia ya Kalya au ukitoka Uvinza kwenda Mpanda, fundi mwenye spana na akili anaiwasha, hahitaji mashine ya kupima.

Sasa kitu kikubwa tunachotaka mjue. Ukija kuangalia gari ya dizeli ya zamani, hapa kwetu au kwa mtu mwingine yeyote, njoo asubuhi kabla haijawashwa, gusa boneti, gusa rejeta, viwe vya baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mambo mengi sana, dizeli iliyochoka ikishapata moto inawaka vizuri tu na moshi unapungua, wewe unalipa halafu kesho yake alfajiri unaanza kuisukuma. Hii ya kwetu ukiwasha hita ya kupasha silinda, taa yake ikizima unapiga stata inashika hapo hapo, inatoa moshi mweupe kidogo muda mfupi halafu unakata. Moshi mweupe usiokata na maji yanapungua kwenye rejeta, hiyo ni gasketi au silinda hedi, na 1HZ ikichemka sana hedi yake inapata nyufa kwa hiyo hapo usibembelezwe na bei. Moshi wa bluu injini inakula oili. Mweusi mara nyingi ni nozo au kisafisha hewa kimeziba, hiyo inatengenezeka. Halafu fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, ikipumua moshi kwa nguvu na kurusha oili ujue ringi zimekwisha.

Pampu ya dizeli ndiyo tunayoilinda kuliko kitu chochote kwenye gari hizi, maana inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Zamani mafuta ya taa yalikuwa bei rahisi kuliko dizeli na watu walikuwa wanayachanganya, mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 kuzuia huo mchezo, na mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, yanaisaga pampu taratibu bila mwenye gari kujua. Mpaka leo mtu akikuletea dizeli ya kwenye dumu bei ya chini achana nayo jamani, pampu ni hela nyingi. Ya gari hii tumeifungua, tumebadilisha sili na tumepima nozo zote. Mkanda wa taimingi pia ni mpya, ule unabadilishwa kila kilomita 100,000 na ukikatika valvu zinagonga pistoni, kwa hiyo ukinunua gari yoyote ya 1HZ na muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini, wewe badilisha tu.

Chesisi sasa. Gari za mkoa huu zinabeba chumvi na dagaa, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye karai, yaani sehemu ya nyuma ya mzigo, yanakwenda kukaa juu ya chesisi na kutu inakula kutoka ndani, kwa nje unaona rangi nzuri kumbe chuma kimebaki kama ganda la yai. Lala chini, gonga na nyundo ndogo kuanzia nyuma ya kebini mpaka zinaposhika springi za nyuma, sauti ikibadilika simama hapo hapo. Hii ilikuwa gari ya mradi haikubeba samaki, chesisi ni nzima, ila sakafu ya karai ilikuwa imetoboka tumechomelea bati jipya na utaliona, hatujalificha kwa rangi.

Ambayo haijakaa sawa ni haya: sili ya ekseli ya mbele upande wa kulia inavuja grisi na tutaibadilisha kabla hujaondoka nayo. Gia namba mbili inakwaruza ikiwa ya baridi ukiiharakisha, inahitaji mkono wa taratibu, giaboksi haijafunguliwa na hilo tumelihesabu kwenye bei. Kioo cha mlango wa abiria kinapanda kwa shida.

Fowili, yaani kuvuta kwa tairi zote nne, inafanya kazi, hai na lo (gia ya kasi na ya nguvu) zote, tumeijaribu kwenye tope. Loki za habu za mbele unashuka unazungusha kwa mkono, na tafadhali ukishafika kwenye lami kavu toa fowili, maana hii haina difu ya katikati na tairi za mbele na nyuma zikikata kona hazitembei umbali sawa, ukilazimisha unavunja vyuma bila sababu. Kuna madereva wanaiacha gari kwenye fowili kutoka Kasulu mpaka Kigoma mjini halafu wanalaumu gari.

Bei ni milioni 38, maongezi yapo, ila tuongee ukiwa umeiona. Njoo na fundi wako mwenyewe, hatukasiriki, tena tunafurahi zaidi, na muiendeshe mpaka kilima cha njia ya Manyovu muone inavyovuta. Kuhusu kadi: kwa vile ilikuwa gari ya mradi iliingia bila kodi, na gari za namna hiyo zikiuzwa kwa mtu wa kawaida kodi inatakiwa kulipwa, wengi wanaponunua kwenye mnada wanasahau kuuliza hapo. Hii imeshalipiwa na risiti zipo, namba ya chesisi na ya injini zinalingana na kadi, utazisoma mwenyewe kwenye chuma. Siku ya malipo tunakwenda wote TRA tunaandika uhamisho, pesa inapita benki, na funguo ya akiba unapewa siku hiyo hiyo. Gereji inafunguliwa saa moja asubuhi, Jumapili tumepumzika.