Talaka haifuti saini ya mkopo

Mhariri,

Wako wanaoamini kuwa deni la marehemu huzikwa naye. Wengine wanaamini kuwa walioachana hawana tena la kudaiana. Sheria za Tanzania hazisemi hivyo, na wanaoumia zaidi ni wanawake wanaofuatwa na mkopeshaji miaka kadhaa baada ya talaka.

La kwanza kutazamwa ni saini. Mkopo uliosainiwa na mmoja peke yake, akifa hulipwa kutoka katika mirathi yake. Mtalaka wake hadaiwi, hata kama fedha hizo ndizo zilizoezeka nyumba waliyoishi wote. Lakini wakiwa wamesaini wote, mkopeshaji anaweza kumdai aliyebaki salio lote. Tuseme limebaki deni la shilingi milioni 12. Aliyebaki akililipa lote, ana haki ya kuidai mirathi milioni 6, au zote 12 ikiwa mahakama ilikuwa imemtwisha marehemu deni hilo. Aliyesaini kama mdhamini, iwe benki au SACCOS (chama cha akiba na mikopo), naye bado ni mdhamini. Talaka haikumtoa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali za ndoa, izingatie pia madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili. Hakimu akiandika kwamba mume ndiye atakayemaliza mkopo, maneno hayo yanawafunga wao wawili. Benki haikuwamo katika shauri. Hivyo siku ya kupata hukumu, nenda nayo benki uombe kwa maandishi kuondolewa kwenye mkataba. Benki ikikataa, angalau utajua mapema ungali na mzigo. Nyumba uliyopewa ikiwa bado iko kwenye rehani, inaweza kuuzwa ingawa hukumu inasema ni yako. Kagua pia kama uliridhia rehani hiyo, kwa kuwa Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi anayeishi humo ndipo rehani ya nyumba ya ndoa iwe halali.

Akifa mtalaka wako, usisaini karatasi yoyote ya "kuendeleza mkopo" kabla ya kuisoma, kwani inaweza kukufanya mdaiwa wa deni ambalo halikuwa lako. Omba benki nakala ya mkataba, taarifa ya salio hadi siku ya kifo, na hati ya bima ya mkopo, ile inayolipa salio mkopaji akifa. Angalia bima ilikatwa kwa jina la nani: mkopo wa watu wawili wakati mwingine huwa na bima ya mmoja tu. Madai ya bima hukwama pia kwa taarifa iliyochelewa, au kwa kukosa cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kama cheti kiko kwa ndugu wa marehemu na hamwelewani, iandikie benki hivyo hivyo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kisha mwandikie msimamizi wa mirathi, ukiambatisha hukumu, mkataba na stakabadhi. Wahi kabla mali haijagawanywa. Katika mahakama ya mwanzo, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Madeni hulipwa baada ya gharama za mazishi na za usimamizi, ndipo warithi wapate chao. Warithi hawalipi kwa mali zao wenyewe, ila msimamizi akigawa mali huku akijua deni lipo, anaweza kuwajibika yeye binafsi. Ndugu wasipofungua mirathi kabisa, anayedai naye anaweza kuomba isimamiwe.

Mtalaka anaweza kuwa ndiye anayedai. Sehemu yake ya mali iliyoamuliwa na mahakama lakini hakukabidhiwa, anaidai kwa msimamizi. Kwa Waislamu, mahari ambayo haikulipwa ni deni linalotolewa kabla ya urithi. Na mke aliyepewa talaka rejea, yaani ile ambayo mume anaweza kumrudia kabla eda haijaisha, mume akifa ndani ya eda hiyo, anarithi kama mke.

Wasaidizi wa kisheria,
Morogoro