Kabla hujaenda Menengai

Kisumu, Jumapili jioni

Mwalimu, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekalia geti la mtu ambalo halijaisha, maana jana stima ilipotea tangu saa nne. Unasema utafunga siku tatu kwenye mapango ya Menengai, hapo kwenu Nakuru, uiombee nyumba yako amani. Halafu mwisho kabisa, chini ya salamu, ndipo unaandika kwamba wewe na shemeji hamjasemezana tangu shule zifungwe. Mwalimu, jambo kama hilo haliwekwi chini ya salamu.

Sikukatazi kwenda. Niliwaona wanaofunga kule, mwaka ule nilipokuja kukuwekea madirisha ya Kiamunyi: wanarudi na mitungi mitupu, midomo imekauka, nyuso zimetulia. Wazee wa Kikikuyu walipaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, na leo watu wanaenda hapohapo kumtafuta Mungu. Hilo linanipendeza. Ila kuna jambo sijawahi kukwambia, na nadhani wakati wake umefika.

Mwaka juzi nilikopa shilingi 60,000 kwenye chama chetu cha jua kali nikanunua mashine ya kuchomelea, ya mitumba, bila kumwambia mama watoto. Iliungua kabla ya wiki mbili kuisha. Nikaanza kulipa deni kwa pesa za karo. Aliponiuliza, nikamwambia kazi imekuwa mbaya. Na miezi hiyohiyo ndiyo niliyokuwa naongoza maombi ya wanaume kila Jumamosi alfajiri. Kusema kweli, sijawahi kuomba vizuri kama wakati ule. Sauti ilipanda na kushuka panapofaa, kina baba wakaitikia, mmoja akanishika bega akaniambia Mungu amenipa mzigo wa maombi. Mzigo wenyewe ulikuwa deni.

Jioni moja tukakaa kula ugali na omena. Nikaanza kuombea chakula, nikazunguka nikafika mpaka kwa viongozi wa mataifa. Kitinda mimba wetu akamnong'oneza mamake, "Baba anaongea na nani?" Hakujibiwa. Nikafumbua jicho moja. Mama yake hakuwa amefumba macho hata kidogo. Alikuwa anaokota omena kwenye sahani yake, mmoja mmoja, anamwekea mtoto. Nikasema amina kabla sijamaliza sentensi.

Unaukumbuka ule mstari wa Petro, wa waume kukaa na wake zao kwa akili? Huwa tunausoma harusini. Tukifika kwenye "chombo kisicho na nguvu" wanaume wanatabasamu, mhubiri anasonga mbele. Mkia wake hatuufikii: "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Na Petro hakuwa akikisia, alikuwa na mke, na mama mkwe pia. Paulo naye, alipomwandikia Timotheo kwamba anataka wanaume wasalishe kila mahali, aliongeza "pasipo hasira wala majadiliano". Mimi nilikuwa nainua mikono juu huku nimeficha risiti mfukoni.

Nilimwambia mama watoto usiku uleule wa omena. Usifikiri ni ujasiri. Tokeni zilikuwa zimeisha, watoto wamelala, nikaongea gizani kwa sababu sikumwona uso. Hakulia, hakufoka. Aliuliza tu imebaki ngapi. Nikamwambia elfu thelathini na nane. Kisha akaninyamazia wiki nzima, na nilistahili.

Ndipo nikamkumbuka babu. Alikuwa mtu wa kanisa la Friends, yaani Quaker, lile lililoingia Kaimosi mwaka 1902. Siku hizi ibada zao huku kwetu zina kwaya na mahubiri kama za wengine, lakini mzee alikuwa amebaki na ule ukimya wa zamani. Asubuhi anakaa chini ya mwembe, kofia juu ya goti, hasemi neno. Tukiwa watoto tulidhani amesinzia. Basi na mimi nikawa naamka saa kumi na moja, nakaa jikoni kwenye kigoda, sina maneno. Ya Jumamosi yote yalikuwa yamenikimbia.

Siku ya nane mama watoto akaja akakaa. Akasema, "Omba basi." Nikasema, "Bwana, tumebakisha elfu thelathini na nane, na mimi nilidanganya." Akaitikia amina.

Deni lilichukua miezi kumi na moja, kwa geti moja baada ya jingine. Hakuna muujiza wa kukusimulia hapo. Uongozi wa Jumamosi nilimwachia mwingine kwa muda, lakini kile kigoda sijakiacha. Wenzangu wawili hapa jua kali wana madeni yanayolingana na lile langu, na saa hiyo ya alfajiri bado wako njiani kutoka kwa mama pima, muuza chang'aa. Siwacheki, kwa sababu nami sikuwa na mahali pengine pa kusema nimeshindwa. Sisi wanaume tumewaachia kina mama kuomba kama tulivyowaachia kupeleka watoto kliniki. Kesha likiitishwa kanisani kwetu, ukumbi umejaa leso. Wanaume ni mchungaji, mpiga kinanda, na mlinzi ambaye analipwa kuwepo.

Hukuniandikia mligombania nini, na sikuulizi. Mapango hayaendi popote. Shemeji ndiye wa kuanzia, hata kama utaongea gizani kama mimi.

Mwezi ujao nitapita Nakuru nikienda Nairobi kuchukua vyuma. Nitabeba omena wa Dunga, wale waliokauka vizuri anaowapenda shemeji. Nitampigia yeye simu kumwuliza anataka kiasi gani. Akiniambia, "Ngoja nimwulize Mwalimu," nitajua mmeongea.

Ni mimi,
Fundi