Barua kwa mdogo wangu aliyepewa nyota mbili na nusu

Mdogo wangu,

Nimeusoma ule uhakiki wa albamu yako. Nimeusoma wote, hadi aya ya mwisho, na naamini wewe hukufika huko. Uliona nyota mbili na nusu pale juu, ukazima simu. Tangu hapo hupatikani, nasikia habari zako kwa watu: eti unataka kuiondoa albamu kwenye majukwaa yote ya mtandaoni, uirekodi upya, uje uiachie kwa jina jingine. Kwa kuwa jumbe zangu huzijibu, nakuandikia hadharani, mahali ninapojua utachungulia.

Usiiondoe.

Alama zinazokunyima usingizi zina historia yake, na wewe unayejidai kujua kila kitu cha wasanii wasio na lebo kubwa ungepaswa kuikumbuka. Pitchfork, jarida la muziki la mtandaoni, walikuwa na mtindo wa kutoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0, tena kwa desimali, kana kwamba nyimbo hupimwa kwa mizani ya sonara. Mwaka 2004 mwimbaji Travis Morrison, baada ya bendi yake kuvunjika, alitoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Travistan. Akapewa 0.0. Mashabiki waliokuwa wakimshangilia kwenye maonyesho wakapoa ghafla, na hata duka la muziki lilisita kuiuza. Nyimbo zilikuwa zilezile za siku iliyotangulia.

Sasa geuza upande wa pili. Bendi ya Black Kids walitoa nyimbo chache za bure mwaka 2007, wakapewa 8.4, dunia nzima ikawataka. Mwaka uliofuata wakaja na albamu kamili, ya kwanza. Wakapewa 3.3, na mahali pa uhakiki pakawekwa picha ya mbwa wawili na neno moja la kuomba radhi. Hakuna maelezo, hakuna hoja. Albamu yao ya pili ilitoka 2017. Wahenga walituachia onyo kuhusu mgema anayesifiwa. Kuhusu mgema anayesifiwa Jumatatu na kuchekwa Jumanne, hawakusema kitu.

Na hao hao watoa alama, mwaka 2021, walirudi kwenye kazi za zamani na kubadilisha alama za albamu 19. Albamu ya mwimbaji Liz Phair ya 2003 ilipanda kutoka 0.0 hadi 6.0. Albamu ya kwanza ya bendi ya Interpol, ya 2002, ilishuka kutoka 9.5 hadi 7.0. Mwanamuziki aliyekuwa amekwisha kulia kwa ajili ya sifuri ile, nani wa kumrudishia machozi yake?

Kwa hiyo nyota zako zifute. Maneno ya yule mhakiki ndiyo usiyafute, kwa sababu (utanichukia hapa) mengine ni ya kweli.

Anasema albamu inachelewa kuanza. Kweli inachelewa. Ile milio ya mvua na hatua za miguu uliyoitanguliza ni nzuri ukiwa umevaa spika za masikioni usiku, lakini Spotify hauhesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka zitimie sekunde 30, na wewe katika sekunde 30 hujafungua kinywa. Anasema sauti yako imezamishwa kwenye mwangwi. Nakubaliana naye kwa asilimia mia. Tangu utotoni una sauti iliyokwaruza kidogo, na ukiingia studio unaificha. Prodyuza wako anakusikiliza mno. Anasema pia mashairi ya wimbo wa tano ni mepesi, na hapo amekosea vibaya: hakuelewa kwamba anayezungumza mle ni mama, si mpenzi. Mtu mwenye makala za kukabidhi wiki hii husikiliza mara mbili, tatu, akaandika. Ndiyo kazi yake. Haimaanishi ana chuki na wewe, na tafadhali usimwandikie. Msanii anayebishana na mhakiki wake hadharani humpa wasomaji zaidi, basi.

Halafu aya ya mwisho, ile usiyoifikia. Anasema wimbo wa kufungia, wewe na gitaa bila kitu kingine, ndio uliomfanya asubiri albamu ya pili. Ni sentensi moja tu, na ni ya maana kuliko "moto sana" zote walizokutumia rafiki zako, ambao nusu yao hawajafika wimbo wa nne.

Unajua kinachonitisha zaidi ya uhakiki mbaya? Kimya. Mwimbaji Vashti Bunyan alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, ikapita bila kusikika, akauacha muziki akalea watoto. Ilichapishwa upya mwaka 2000, wasikilizaji vijana wakaipokea kana kwamba iliimbwa jana, na albamu yake ya pili ikatoka 2005. Miaka 35. Angekuwa na uwezo wa kuifuta kwa kubonyeza kitufe, kama ulio nao wewe, pengine asingebakiwa na kitu cha kuchapishwa upya.

Nikuombe hivi. Mpigie prodyuza, umwombe wimbo wa tano bila mwangwi hata chembe, sauti yako tu na besi, uniletee. Albamu iache ilipo, pamoja na mvua yake. Na washa simu. Mama ananiuliza mimi uko wapi, nami nimechoka kumdanganya kwamba uko mazoezini.

Dada yako