Barua ya malalamiko: dima tatu za korido, fundi wenu, na maneno tuliyoambiwa kaunta

Bombo, Luweero

Kwa Meneja wa Tawi la Kampala
Nakala: Makao Makuu, Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Salamu kwanza, kwa sababu nimelelewa kusalimu hata nikiwa na hasira. Baada ya salamu, naomba uisome barua hii wewe mwenyewe mpaka mwisho, usimpe kijana wa kaunta akufupishie.

Alhamisi iliyopita nilisimama mbele ya kaunta yenu na mfuko wenye dima tatu na risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya kodi, mkononi. Mama yangu, mwenye miaka 78, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Nilimweleza mhudumu kwa Kiswahili, taratibu, kwamba swichi hizi za kupunguza mwanga hazikufanya kazi na kwamba fundi wenu aliziunganisha kwa njia ya hatari. Hakuutazama mfuko. Alinitazama mimi, kisha akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba hapo hawatumii lugha ya kambini, na kwamba vifaa hivi ni vya watu waliosoma, nirudi na mtoto anayejua simu. Wateja wawili wakacheka. Msimamizi alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, akainamia kompyuta yake kama hakusikia.

Sasa tuzungumze vifaa, maana pesa yangu mnayo.

Siku ya kununua, Jumamosi, nilimweleza muuzaji wenu hivi, na aliandika kwenye karatasi nikimwona: korido moja, taa sita, swichi tatu zinazoendesha taa hizo hizo. Moja iko mlango wa mbele, moja jikoni, moja nje ya chumba cha mama. Mama haoni vizuri usiku. Mwanga mkali ukimpiga ghafla anayumba, na giza limeshamwangusha mwaka jana akavunjika mkono. Nilitaka mwanga mdogo unaokaa usiku kucha, na yeye aweze kuupandisha kwa kidole kutoka kitandani. Hilo tu. Muuzaji akasema, "Hajati, umefika," akanishushia dima tatu zinazofanana, zote kuu, shilingi 185,000 kila moja.

Kila aliye kwenye biashara hii anajua kwamba taa zinazoendeshwa kutoka sehemu tatu zinataka dima kuu moja tu, inayofungwa kwenye waya wa taa. Sehemu mbili zilizobaki zinawekewa rimoti za ukutani, zile za betri bapa ya CR2032, zinazoongea na dima kuu bila waya. Waya za zamani zilizokuwa zikipita kati ya swichi na swichi fundi anazimaliza kwa utaratibu wake, na kazi imekwisha. Rimoti ya tatu ingewekwa kando ya kitanda cha mama bila kutoboa hata tundu moja. Dima kuu zikifuatana kwenye njia moja zinapigana: ya kwanza inakatakata umeme, ya pili inapokea umeme uliokwisha kukatwakatwa na kujaribu kuukata tena. Kijitabu kilichomo ndani ya boksi lenu kinakataza jambo hilo kwa mchoro mkubwa. Muuzaji anayeuza kitu kila siku bila kufungua kijitabu chake anawaibia watu, hata kama hakukusudia.

Akaniuzia na balbu sita za LED, shilingi 18,000 kila moja. Si za kupunguzwa mwanga. Limeandikwa hilo ubavuni mwa boksi, kwa herufi ndogo ambazo mimi sikuzisoma na yeye alipaswa kuzijua. Zikishushwa chini ya nusu zinapepesa na kulia kama mbu.

Jumatatu alikuja fundi wenu, ambaye mlinitoza shilingi 120,000 kwa ajili yake. Alifungua kisanduku cha kwanza ukutani akanyamaza. Nyutro, waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, haikuwepo. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi Uganda zilizofungwa waya kwa mtindo wa Kiingereza, nyutro inaishia juu darini kwenye taa; kwenye swichi zinashuka laivu, waya unaoleta umeme, na waya wa kuupandisha kwenye taa tu. Dima yenye redio ndani lazima ibaki macho hata taa ikiwa imezimwa, na hizi mlizoniuzia zinapata umeme wa kubaki macho kupitia nyutro. Ndilo swali la kwanza ambalo duka linapaswa kumwuliza mteja. Zipo dima zisizohitaji nyutro, na ninyi mnazo kwenye rafu ya juu, nimeziona kwa macho yangu. Zipo na moduli ndogo zinazofichwa darini, karibu na taa, nyutro iliko. Hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyenionyesha.

Basi fundi wenu alifanya nini? Alichukua waya wa ethi, ule wa kijani na manjano wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, akaufanya nyutro.

Ndugu Meneja, soma sentensi hiyo tena. Taa ziliwaka, na ubaya ndio huo, kwa sababu aliyeziona zikiwaka alidhani kazi imekwisha. Siku waya huo wa ethi ungekatika au kulegea huko mbele, umeme ungerudi kupitia dima na kufika kwenye vibao vya chuma vya swichi zetu. Umeme wa volti 240. Na mama yangu anatembea koridoni akiwa ameshika ukuta.

Hayo sikuyajua mpaka siku ya kumi na mbili, nilipomwita fundi wa hapa Bombo, mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme nchini. Alifungua, akatazama, akazima umeme wa nyumba nzima kabla hajasema neno. Picha ninazo. Nililipa shilingi 90,000 kuondoa kazi yenu na kurudisha swichi za zamani.

Lakini mnajua kwamba niliwaita kabla ya hapo. Usiku wa kuamkia Alhamisi ya kwanza umeme ulikatika, na uliporudi saa nane taa zote sita ziliwaka kwa nguvu zake zote, wakati mama yuko katikati ya korido. Alikaa chini sakafuni mpaka nilipomsikia akiita. Programu yenu ya simu ina mahali pa kuchagua taa ziweje umeme unaporudi. Fundi wenu hakupagusa. Asubuhi hiyo, siku ya tano tangu kununua, nilipiga simu. Kijana akaniambia nishikilie kitufe sekunde kumi mpaka taa ndogo ipepese, nianze upya. Nilifanya hivyo mara nne, mchana kutwa, na dima hazikuonekana kwenye simu. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyegundua kwamba simu ilikuwa kwenye Waifai ya gigaherzi 5, na dima zenu zinasikia 2.4 peke yake. Swali la nusu dakika. Mwisho kijana wa simu akasema nisirudishe chochote dukani, nisubiri, fundi wa pili atakuja kabla ya Jumamosi. Nilisubiri. Hakuja mtu. Niliita tena mara mbili, nikaambiwa nisubiri.

Ndipo nikaja kaunta siku ya kumi na tisa, na mhudumu wenu akaniambia siku 14 za kurudisha zimepita. Akaongeza kwamba dhamana nayo imekufa kwa kuwa fundi wa nje amezigusa dima. Yaani ninyi mnanizuia kurudisha kwa kuniambia nisubiri, halafu kusubiri kwangu ndiko kunakuwa kosa. Na aliyeiondolea nyumba yangu hatari mliyoiweka ndiye anayeua dhamana. Sera zenu mnazijua, sina haja ya kuwasomea.

Nimeeleza hapo juu alichosema. Sikueleza alichofanya. Nilipoiweka risiti kaunta, hakuishika. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu, kama kitu kichafu, mpaka ikaanguka upande wangu. Kabla sijainama, mama yangu alikwisha kuinuka kwenye kile kiti, na magoti yake yale, akaiokota. Akiwa bado ameinama ndipo kijana yule akalisema lile neno la lugha ya kambini, na la watu waliosoma. Mama yangu anasikia Kiingereza vizuri. Alikuwa muuguzi kwa miaka 31. Amewachoma sindano na kuwazalisha watu ambao watoto wao leo wanasimama kaunta kama hiyo yenu. Alinipa risiti, akasema, "Twende." Kwenye taksi ya kurudi Bombo hakusema kitu mpaka tulipopita Kawempe, akaniuliza kwa nini sikumwacha nyumbani.

Wale wawili waliocheka siwadai kitu. Ninawadai ninyi.

Sisi wa Bombo tumekua na Kinubi na Kiswahili mdomoni, na tunajua namna lugha hii inavyosemwa vibaya Kampala: eti ya askari, eti ya wezi. Nimeyasikia tangu utotoni na nilidhani yanakwisha. Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Na bango lililo mlangoni mwenu lina neno "Karibu". Nimeandika barua hii kwa Kiswahili kwa makusudi. Mtafuteni wa kuwasomea.

Nilipoanza kuandika jana jioni, nilikusudia kuomba dima mbili zibadilishwe kwa rimoti na balbu zibadilishwe kwa zile za kupunguzwa mwanga. Nilipofika kwenye risiti iliyoanguka, niliacha kalamu. Leo sitaki kubadilishiwa kitu. Nataka shilingi 555,000 za dima, 108,000 za balbu, 120,000 za fundi wenu, na 90,000 nilizolipa kuiondoa hatari yake: jumla 873,000, taslimu au kwa simu, si kwa bidhaa. Nataka fundi yule asipelekwe kwenye nyumba ya mtu mwingine mpaka aonyeshe kibali chake. Nataka wewe Meneja na mhudumu yule mje Bombo, mketi sebuleni kwa mama yangu, mumwombe radhi kwa Kiswahili. Msitume ujumbe wa simu.

Nawapa siku 14, sawa na zile mnazowapa wateja wenu. Zikipita, nitakwenda kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, unaopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili. Nitashika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, kwa sababu niliwaambia kazi ninayotaka na mkaniuzia kisichoifanya. Picha za waya wa ethi zitakwenda ERA siku hiyo hiyo.

Wenu,
Z. A., mteja
Bombo

Nyongeza. Kabla sijaituma barua hii, mtu wa ofisi yenu amenipigia, akaniambia kwamba kwa nia njema mnanipa vocha ya shilingi 100,000 ya kutumia dukani, kisha tulimalize. Nilimwuliza kama amesikia habari za mama yangu. Akasema hiyo haimo kwenye faili. Vocha siitaki, na siku si 14 tena, ni 7. Dima tatu ziko kwenye mfuko ule ule, mtazichukua hapa siku mtakapokuja.