Nitafutie Desert Dusk kabla ya harusi ya Maimuna

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai hujambo, watoto hawajambo na baba yao pia. Sisi huku wazima alhamdulillah, ila joto. Kaskazi imeshika, hata usiku feni yapuliza moto. Mama akusalimu, asema umemtupa. Mengine tutayazungumza ukija, maana leo nna jambo moja na sitaki linipite.

Maimuna kuposwa walijua. Usilolijua ni kwamba mimi ndiye nitakayempamba uso. Hina ni ya Bi Zuhura, hilo halina mjadala. Mimi ni uso, na kwa Maimuna uso ni macho. Tangu avae ninja, mji mzima wamjua kwa macho yake tu. Sasa usiku wa kupamba atakaa jukwaani uso wazi, wanawake ukumbi mzima wamkodolee, na mimi nataka wakianza kwenye macho wachelewe kufika kwenye dhahabu.

Kwa hivyo nataka uniletee kutoka huko Dubai Desert Dusk, paleti ya rangi za macho ya Huda Beauty. Ile ya rangi 18.

Utanambia rangi za macho zimejaa Biashara Street. Zimejaa kweli, na nimezipitia duka kwa duka. Nyingi ndani ya kibati ni hudhurungi nzuri, ukizipaka kwenye kope ya mtu mweusi zageuka majivu. Wamkumbuka bi harusi wa Tudor? Alipambwa fedha na kijivu, akaonekana kama mtu aliyetoka homa, na msichana mwenyewe ni mzuri mashaallah. Rangi zetu sisi zataka joto: chungwa lililoungua, dhahabu, kahawia, zambarau yenye wekundu ndani. Desert Dusk ndiyo hiyo. Salma anayo, niliomba nijaribu, tangu siku ile sijatulia.

Ngoja nikwambie nilivyofanya. Ile dhahabu, Nefertiti, sikuishika kwa brashi. Zile za kung'aa hazitaki brashi, zataka kidole. Nilikisugua cha pete hadi kikapata joto, nikagusa rangi kidogo, halafu nikaibonyeza katikati ya kope ya Salma bila kuivuta. Kubonyeza, sio kupaka. Ikashika yote kwa mara moja! Akifumba jicho waiona dhahabu tupu, akilifumbua yabaki mstari mwembamba tu unaomulika. Kuna na Twilight, yenyewe ukigeuza kichwa yageuka rangi. Ile nataka kuiweka juu ya rangi nyeusi-nyeusi, kidogo tu, usiku wa kupamba, taa zikimpiga akiinua uso.

Na majina yake, Rukia! Oud, Musk, Amber, Saffron. Sanduku zima la bi harusi wa Mombasa limo humo ndani. Si ajabu, mwenyewe Huda Kattan, ingawa alikulia Marekani, wazazi wake ni Wairaki, na biashara ameijenga hapo hapo Dubai ulipo wewe. Alianza na kope za kubandika tu mwaka 2013, zikauzwa duka la vipodozi la Sephora, Dubai Mall. Desert Dusk ikaja 2017. Mimi hupenda mtu aliyeanzia kwenye kope, maana huyo ajua jicho lilivyo kabla ya kuanza kuuza rangi.

Mpango wangu ni huu. Usiku wa hina atavaa kijani, kwa hivyo macho nayafanya mepesi: Musk kwenye mkunjo wa kope, Amber juu yake kidogo, wanja ndani ya jicho, basi. Usiku wa kupamba ndio kazi. Nitaanza na macho kabla ya fandesheni, kwa sababu zile rangi nzito humwaga vumbi shavuni, na ukishapaka fandesheni huwezi tena kulipangusa bila kuharibu. Praima kwanza, ile ya kushikisha rangi, safu nyembamba, iachwe ikauke. Hapa kwetu bila praima rangi hukusanyika kwenye mkunjo kabla bi harusi hajafika ukumbini. Kisha Oud pembe ya nje, niichanganye na Amethyst, nizungushe brashi pole pole mpaka usijue moja yaishia wapi na nyengine yaanza wapi. Hapo ndipo wengi hukimbilia, na hapo ndipo jicho huharibika. Dhahabu mwisho. Cosmo, ile ya vimetameta, sijui. Naipenda lakini karibu na jicho naiogopa, labda chembe mbili tatu na gundi yake.

Shangazi yake Maimuna ataka fedha. Amenitumia picha hata nimechoka kuzifungua. Nimemjibu kwa adabu kwamba dhahabu ya mkwe ni ya njano, sasa macho ya fedha yatazungumza nini na shingo? Amenyamaza, lakini sidhani amekubali. Niombee.

Ya feki pia lazima nikwambie. Mwanajuma aliuziwa Desert Dusk dukani mjini, jina la duka silitaji, bei ya kutupa. Sanduku lafanana kabisa, ila rangi ngumu kama chaki na kope zikamvimba asubuhi yake. Ndio maana nakusumbua wewe. Usininunulie kwa mtu wa mitandaoni hata akiapa, enda dukani kwenyewe ushike kwa mkono wako. Na ukipita sokoni Deira, wanja wa jiwe usininunulie. Bibi zetu waliupaka, lakini aina nyingi zina madini ya risasi ndani, na ni sumu, na jicho la Maimuna silitii risasi. Wa penseli ninao.

Kope za kubandika pia, kama mfuko waruhusu: ile nambari 7, Samantha. Imejaa lakini haifuniki jicho. Na rangi nazirudia, ni 18, usije ukasahau ukafika na paleti nyengine. Ile ndogo ya rangi 9 ni nzuri, sikatai, lakini haina Nefertiti wala Twilight, na bila hizo mbili sina harusi.

Sasa nijibu upesi. Bado waiuza huko ama imeisha? Ikiwa imeisha, kuna mwenzako anayo hajaifungua atuuzie? Yauzwa dirham ngapi? Pesa nimpe mamako hapa ama nikutumie? Ndege yako yafika siku gani hasa, maana Maimuna asema wiki moja na mumeo asema nyengine? Waja moja kwa moja Mombasa ama wapitia Nairobi? Ukipitia Nairobi paleti uibebe mkononi, usiitie kwenye sanduku la mizigo, rangi zitavunjika. Na wewe mwenyewe wataka nikupambe kwa rangi gani, ama wanitegemea nikuchagulie?

Wabusu watoto.

Wako,
Mwanaisha