Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Maghala ya mkonge yasibomolewe kimyakimya

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa sasa naishi kaskazini mwa London. Nakuandikia wewe na si mwenzako wa michezo, ingawa nitaanza na habari za mchezo, kwa sababu mambo ya kale yako chini ya wizara yako na ninaloomba linahitaji saini yako.

Kila Jumamosi nampeleka binti yangu kwenye mchezo wa kupanda ukuta ndani ya jengo. Anavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, anafunga kamba kwa fundo lenye umbo la tarakimu nane, nami nalikagua kwa vidole, uzi kwa uzi, kabla hajaondoka chini. Kisha anapaka chaki viganjani na kupanda, huku mimi nikishika kamba na kuivuta kadiri anavyosogea. Akifika juu kabisa anaachia mikono na kuketi hewani, nami namteremsha polepole. Mara ya kwanza alilia. Siku hizi ananiuliza kwa nini dari haijaongezwa.

Dari ile iko juu kwa sababu jengo lilikuwa la mitambo. Linaitwa The Castle, liko barabara ya Green Lanes, nalo lilijengwa kati ya 1852 na 1856 kuwa kituo cha kusukuma maji ya kunywa. Kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi London, na sheria ya 1852 ikazilazimisha kampuni za maji kuchuja maji yake. Mhandisi William Chadwell Mylne akalipa jengo sura ya ngome ya Uskochi. Mnara mmoja ulikuwa bomba la moshi, na ile minara minene inayoegemea kuta ilificha magurudumu makubwa ya injini za mvuke. Nilipita hapo miaka miwili nikidhani ni ngome ya mfalme fulani.

Mwaka 1971 jengo lilikuwa halina kazi tena, na mamlaka ya maji ikataka kulibomoa. Wakazi walipinga. Mwaka 1974 likaingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Kituo cha kupanda kuta kilifunguliwa 1995.

Naomba uitazame hiyo miaka 21 kati ya 1974 na 1995, Mheshimiwa. Wale waliosimama kulitetea hawakuwa na mpango wa kamba na chaki. Hakuna aliyewaza hivyo. Walichopata ni sheria iliyozuia nyundo, na jengo likabaki limesimama mpaka akatokea mtu aliyejua la kulifanyia.

Sasa njoo Tanga. Ujenzi wa reli ulianza pale 1893, mwaka uleule mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alipoleta mkonge. Ikasalia hai miche 62 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye korona, yaani mtambo wa kutoa singa (nyuzi) kwenye majani ya mkonge, na nikiwa mdogo nilimpelekea chakula ghalani. Nakumbuka marobota yamepangwa hadi kwenye mabati, na vumbi la singa likielea kwenye mwanga wa madirisha ya juu. Niliporudi likizo nikaenda kumwonyesha binti yangu. Tulikuta kiwanja kitupu na rundo la matofali. Jirani akasema vyuma viliuzwa kwa kilo. Sikuwa na la kumweleza mtoto, nikanyoosha kidole tu.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Karakana za reli, maghala ya mkonge na viwanda vya kuchambulia pamba vyote vimekuja baada ya hapo. Vimebaki nje ya mlango, isipokuwa Waziri avitangaze. Mamlaka hayo unayo.

Najua utaambiwa kuna zahanati zisizo na dawa, na hoja hiyo siibezi. Sikuombi fedha za kujenga ukuta wa kupanda. (Wala simdanganyi mtu kwamba mkonge wetu utarudi kwa njia hii: kamba za wapandaji ni za nailoni, maana huvutika na kupunguza kishindo mtu anapoanguka, na mkonge hauvutiki hivyo.) Naomba watumishi wako wapite Tanga, Korogwe na Muheza, waandike majengo yaliyosalia, wapime kimo na uimara wake, na uyatangaze yanayostahili. Na kabla kibali cha kubomoa hakijatoka, tangazo libandikwe ofisi ya kata ili wananchi wapate kusema.

Nakuja nyumbani Desemba. Ukiona inafaa, nitawapeleka maofisa wako kwenye maghala mawili ninayoyajua ambayo bado yana paa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzaliwa wa Tanga, London