Kaka, watie na mabinti majini

Hamburg, Mei

Kaka yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka, na mama mpe shikamoo yake kabla hujamsomea mengine. Sisi huku wazima, watoto wanasoma, baridi imeanza kuondoka. Dagaa wamefika salama, hata mchanga hawana. Mwambie wifi nimeshukuru sana.

Mwezi wa saba, inshallah, nitaingia kwenye mashindano ya triathloni. Mama atashtuka, kwa hiyo mweleze taratibu. Ni michezo mitatu mfululizo: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia. Saa haisimami, hata muda wa kuvaa viatu unahesabiwa. Yalianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na Olimpiki yakaingia mwaka 2000 kule Sydney. Wako wanaoogelea kilomita 3.8, wakaendesha 180, wakamalizia na marathoni nzima. Mimi nimejiandikisha yale mafupi: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli, yaani zaidi ya kutoka Ujiji hadi stesheni ya Kigoma na kurudi, kisha kilomita 5 kwa miguu.

Utauliza imekuwaje, na miaka yangu hii 47. Kaka, baba alituacha kwa kiharusi akiwa hajatimiza 60. Mama ana presha na sukari. Wewe vidonge vyako unavijua mwenyewe. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, kila siku nawainua watu kitandani, na naona tofauti kati ya aliyekuwa akiushughulisha mwili wake na ambaye hakuushughulisha. Kabla sijaanza nilipimwa moyo, presha na damu. Na wewe nakuomba ukapime kabla hujaanza mazoezi yoyote ya nguvu. Kwenye michezo hii wanaofariki ni wachache, lakini wengi wao hufia kwenye sehemu ya kuogelea, na mara nyingi ni moyo.

Baiskeli hainisumbui sana. Huku ni tambarare, kazi yote iko kwenye upepo. Nawakumbuka wale vijana wanaotoka na mikungu ya ndizi kwenye milima ya Kasulu. Wangepewa baiskeli nyepesi kama hizi za huku, sijui nani angewafikia. Kigumu ni kushuka na kukimbia hapo hapo. Mapaja yamezoea kuzungusha pedali, kwa hiyo dakika za mwanzo miguu ni mizito na haikutii. Dawa yake ni kuyafanya hayo mawili pamoja mara kwa mara, mpaka mwili uzoee. Na kupumzika, maana kwa umri wetu msuli unachelewa kupona.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni maji.

Mimi nimezaliwa Ujiji, Ziwa Tanganyika tunalisikia kutoka kitandani, na nimekuja kufika Ulaya mtu mzima sijui kuogelea. Ninyi mlikuwa mnajirusha kutoka kwenye mitumbwi pale mwaloni, mnarudi macho mekundu. Sisi wasichana tuliishia magotini, na masufuria na nguo za kufua. Hakuna aliyetukataza kwa neno, ila hakuna aliyetuita. Nimeliwaza sana jambo hili mwaka huu, kaka, na linaniuma.

Mwalimu wangu ni mama mmoja wa hapa, amenizidi umri. Hakuanza na mikono wala miguu. Alinisimamisha kwenye maji ya kifuani, nikashika ukingo, akaniambia nizamishe uso nipulize. Povu tu. Ukibana pumzi, hewa chafu inajaa kifuani, na hiyo ndiyo inayoleta ile hofu ya kupaparika. Ukiitoa yote ukiwa chini, ukigeuza kichwa pembeni kazi iliyobaki ni kuvuta. Nilipuliza povu mpaka shingo ikaacha kukakamaa. Halafu tukaja kuelea chali, masikio ndani ya maji, tumbo juu. Ukiinua kichwa miguu inazama. Ukikilaza, mwili unanyooka wenyewe. Siku nilipoelea bila kushikwa nililia, na yule mama akaniacha nilie. Mateke yalifuata baadaye, nayo yanatoka nyongani, si magotini. Mikono ilikuja mwisho.

Mama atataka kujua nimevaa nini. Mwambie maji ya huku bado ni baridi, kwa hiyo tunavaa suti nene ya mpira kutoka shingoni hadi vifundoni, na kofia ya mpira kichwani. Kinachobaki nje ni uso, viganja na nyayo. Suti hiyo inasaidia pia kuelea.

Unakumbuka meli ya Liemba ilivyokuwa ikisimama mbali, kwenye vijiji visivyo na gati? Mitumbwi inakuja ubavuni, watu wanapigana vikumbo, mama anashuka na mtoto mgongoni na furushi mkononi, tena usiku. Wangapi kati ya wale akina mama walijua kuogelea? Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi duniani, lakini mtu hahitaji kina hicho kufa. Mita mbili zinatosha.

Sasa ombi langu. Wafundishe mabinti zako kuogelea, wote watatu, kuanzia kiangazi hiki. Wewe unaweza, umelelewa ndani ya maji yale. Chagua mahali penye mchanga, pasipo matete wala majani, maana konokono wa kichocho hukaa humo. Waulize wavuvi kwanza kama mamba ameonekana. Nenda asubuhi upepo haujaanza, msipite kifuani kwa yule mdogo, na kila mtoto awe na mtu mzima wa kumtazama yeye peke yake. Wavae suruali nyepesi na fulana. Kanga na dera vinafunga miguu. Dumu tupu la lita 5, likifungwa kifuniko vizuri, ni la kukumbatia mpaka wazoee. Anza na povu, halafu kuelea chali. Usiwaharakishe kwenye mikono, hata wakikuomba.

Na wifi aingie. Najua atasema umri umekwenda. Mwambie ananizidi mwaka mmoja tu. Watu wa mwaloni watasema pia. Waache waseme, wakichoka watanyamaza.

Miwani ya maji nitaituma kwa jirani yangu anayekuja huko mwezi wa sita. Niandikie umri wa kila mtoto ili nijue saizi, na uniambie kama wifi amekubali, maana miwani yake nainunua hata akikataa.

Wasalimie jirani zetu wote. Mama aniombee dua.

Wasalaam,
Mdogo wako